Sonona kwa Askari wa Zamani Aliye Mjamzito: Mwongozo Kamili wa Kupata Tiba Tabora na Kuishikilia

Ujumbe unaonifikia unafanana. Dada aliyetumikia jeshi, sasa yuko uraiani Tabora, ana mimba ya miezi minne au mitano. Halali. Halii, lakini hacheki pia. Amekwenda kliniki, kapimwa uzito, kasikilizwa mapigo ya mtoto, kapewa vidonge vya kuongeza damu, karudi nyumbani kama alivyokwenda. Mwingine alishafika mbali zaidi: alikuwa anatumia dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), ila siku alipoona mistari miwili kwenye kipimo cha mimba akazitupa chooni.

Wote wawili wamekwama mahali pamoja. Kliniki ya wajawazito haijui kilichoandikwa kwenye hospitali ya jeshi, kliniki ya afya ya akili haijui mimba ina wiki ngapi, na anayetakiwa kuunganisha hayo yote ni mgonjwa ambaye siku nyingine hana nguvu hata ya kuchana nywele.

Mimi ni mkunga, kwa hiyo naandika kutoka upande wa pili wa meza ile. Mwongozo huu ni wa mwanamke aliyemaliza mkataba, aliyestaafu au aliyetoka jeshini kwa ugonjwa, pamoja na ndugu zake. Hauchukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kukufikisha kwa daktari, kisha kukuzuia usipotee njiani.

Kama sasa hivi unafikiria kujiua au kumdhuru mtu, usiendelee kusoma. Mwambie mtu aliye karibu akae nawe, na mwende hospitali leo, si kesho. Maelezo mengine yako kwenye Hatua ya 5.

## Andaa hivi kwanza

- Kadi ya kliniki ya mjamzito.
- Daftari dogo la kurasa ngumu. Karatasi moja moja hupotea.
- Makasha au picha za kila dawa unayotumia, pamoja na za kienyeji.
- Muhtasari wa matibabu kutoka jeshini kama unao. Usipokuwa nao usisubiri: huhitaji barua ya kikosi ili kutibiwa kwenye kituo cha serikali cha kiraia.
- Kadi ya bima kama unayo. Kama huna, nenda hivyo hivyo na uulizie msamaha wa gharama kwa wajawazito pale kituoni.
- Namba tatu kwenye simu yako na ya mtu wako: 115 (m-mama, usafiri wa dharura wa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga), 199 (kituo cha simu cha Wizara ya Afya, kwa ushauri) na 112 (polisi).
- Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili. Rufaa nyingi hufia kwenye nauli.
- Mtu mmoja. Huyu ndiye Hatua ya 1.

## Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja wa kushika kamba

Marekani, idara inayohudumia wastaafu wa jeshi ina waratibu wa uzazi. Kazi yao ni kumpigia simu mstaafu mjamzito, kujua anatibiwa wapi, na kumfuata hadi miezi 12 baada ya kujifungua, kwa sababu kwa kawaida hazalii kwenye hospitali za idara hiyo. Waliona shida ile ile ya sehemu mbili zisizozungumza, wakampa mtu kazi ya kuziunganisha. Wewe mtu huyo utamtafuta kwenye ukoo au mtaani.

Anaweza kuwa mama mdogo, wifi, dada, au mliyekuwa naye kombania moja. Mume anafaa kama ni mtulivu na yuko nyumbani. Kama yeye mwenyewe yuko kazini kikosini na huitwa wakati wowote, mwache awe wa pili. Aliyewahi kuwa askari ana faida kwamba humwelezi ndoto zako kuanzia mwanzo. Ana hasara pia: wengi wao watakwambia ujikaze kisabuni, kwa sababu nao ndivyo walivyoishi.

Mpe kazi tatu tu: akusindikize kliniki, ashike dawa zako, akuulize kila Jumapili jioni swali moja lisilozunguka: "Wiki hii umewahi kutamani kufa?" Watu huogopa swali hilo wakidhani litampa mgonjwa wazo. Halimpi. Linampa mahali pa kulitua.

Utajua hatua imefaulu pale mtu huyo atakapojua tarehe ya hudhurio lako lijalo bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Andika kwa wiki mbili

Kwa nini wiki mbili? Kwa sababu ndicho kipimo cha madaktari: hali iwe imedumu siku nyingi ndani ya wiki mbili au zaidi. Siku moja mbaya baada ya kugombana na shemeji haihesabiwi kuwa sonona.

Ugumu kwa mjamzito ni kwamba dalili nyingi zinafanana na mimba yenyewe. Uchovu, usingizi wa mang'amung'amu na chakula kutopanda vyote vina maelezo mengine. Kwa hiyo andika hasa yale ambayo mimba peke yake haileti: kutofurahia chochote, kujiona huna thamani, kujilaumu, kuona mbele kweusi, kutamani usiamke.

Halafu ongeza ya jeshini. Sonona ya askari wa zamani mara nyingi hutembea na kiwewe: ndoto za tukio lile lile, kushtuka kupita kiasi, kukwepa watu au mahali, kukaa macho mlangoni. Waliokwenda kulinda amani Darfur au mashariki mwa Kongo wanayajua haya, na hata asiyevuka mpaka anaweza kuwa nayo kutokana na ajali ya mafunzo, mazishi ya mwenzake au kudhalilishwa na aliyekuwa juu yake.

Ukurasa mzuri unafanana na huu:

> Jumanne. Nimelala saa nne, nimeamka saa nane usiku, ndoto ya barabarani tena. Uji nusu kikombe hadi jioni. Mume kaniuliza jina la mtoto, nimemkaripia, sijui kwa nini. Tairi limepasuka stendi, nimejitupa chini, watu wakacheka. Leo sijatamani kufa. Jana ndiyo.

Mistari mitano inatosha. Usiandike kwa ufundi, na siku usizoweza mwambie mtu wako akuandikie.

## Hatua ya 3: Sema kliniki, tena sema mwanzoni

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siku ya kliniki ina mwendo wake. Mnapanga kadi asubuhi, mnakaa kwenye benchi, mnaelimishwa kwa pamoja, mnapimwa uzito na presha, kisha mmoja mmoja mnaingia kitandani. Anayewahudumia ana foleni inayofika mlangoni. Akikuuliza "Unaendeleaje?" na ukajibu "Salama, nimechoka tu", ataandika kuwa uko salama na kumwita anayefuata. Wala hajakudharau, amesikia ulichosema.

Na mtu wa jeshi ana ugonjwa wa kujibu "salama". Amefundishwa kuripoti kwamba kazi imekamilika na majeruhi ni wengine. Basi tumia mafunzo hayo hayo: toa ripoti. Ingia ukiwa na maneno tayari:

"Nesi, kabla hujanipima, naomba tuzungumze faragha. Nilikuwa jeshini. Wiki tatu sasa sina furaha na kitu chochote, silali, na kuna siku natamani nisiamke. Naomba unipime sonona, uandike kwenye kadi, na unipe rufaa."

Kila sentensi ina kazi yake. Faragha inamtoa mume au wifi nje kwa dakika chache, na hiyo inakupa nafasi ya kusema pia kama nyumbani unapigwa. Jeshi linamweleza nesi kwamba huenda kuna kiwewe. Muda unamwonyesha kuwa si hasira za siku moja. Ombi la mwisho lina vitu vitatu anavyoweza kufanya papo hapo, na mtu mwenye foleni hufanya haraka kile alichoombwa waziwazi.

Ukiona haya kutamka, fungua daftari na umpe asome. Inafanya kazi vizuri kabisa.

Akikujibu "mimba ndivyo zilivyo, mama, jikaze", usigombane naye. Sema: "Nimejikaza wiki tatu, nesi, sijaweza. Naomba kumuona mganga mfawidhi." Huyo ndiye msimamizi wa kituo, na kuomba kumuona ni haki yako. Mtu wako wa Hatua ya 1 ndiye anayefaa kulisema hili kwa sauti ya upole lakini asiyeondoka mlangoni.

Omba pia vipimo vya mwili siku hiyo hiyo: wingi wa damu, malaria, VVU, kaswende, sukari, na tezi ya shingo pale kipimo kinapopatikana. Mjamzito mwenye damu chini ya 11 huchoka, hukosa pumzi na kupoteza hamu, akaonekana ana sonona hata kama hana. Tena anaweza kuwa na hali zote mbili. Tamaa ya kula udongo nayo iseme, kwani huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Vidonge vya damu na dozi za kuzuia malaria endelea navyo kama kawaida. Tatizo la wale walionitumia ujumbe ni kupewa hivyo peke yake, basi.

Kuhusu siri. Ukihofia habari kufika kwa wenzako wa zamani, usianzie kwenye kituo cha jeshi. Anayeishi mitaa inayozunguka kambi ya Milambo anaweza kwenda zahanati au kituo cha afya chochote cha kiraia, na asilazimike kueleza alitokea kikosi gani. Sema "nilikuwa jeshini" na uishie hapo. Operesheni, mahali na majina si mambo ya kadi ya kliniki, na hakuna tiba inayoyahitaji.

Utajua hatua imefaulu kadi ikiwa na neno sonona au alama ya kipimo chake kwa maandishi. Kama halimo, kwa hospitali inayofuata ni kama hukusema kitu.

## Hatua ya 4: Alama, kisha rufaa yenye maandishi

Kipimo kinachotumika sana ni dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9. Kila swali linauliza hali fulani imekusumbua siku ngapi ndani ya wiki mbili zilizopita, na hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ya juu ni 27. Alama 5 hadi 9 ni hali nyepesi, 10 hadi 14 ya kati, 15 hadi 19 nzito kiasi, 20 na kuendelea ni kali. Kuanzia 10 omba uchunguzi kamili. Swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, lina uzito wake peke yake: likiwa si sifuri, mtoa huduma anatakiwa kukuuliza zaidi siku hiyo hiyo, hata kama jumla yako ni ndogo.

Kwa Tabora, rufaa ya kuombea ni ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Aliye Igunga anaweza kuulizia pia Hospitali ya Nkinga. Hali ikizidi uwezo wa mkoa, njia ya kawaida ni hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma. Kliniki za afya ya akili huwa na siku zake, kwa hiyo piga simu au tuma mtu aulize kabla hujapanda gari kutoka Sikonge au Kaliua ukakuta mlango umefungwa.

Ukifika, jibu kwa ukweli swali moja ambalo wengi huliona la ajabu: je, umewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa ambacho ulilala saa mbili tatu tu na hukuchoka, ukaongea kupita kiasi, ukatumia pesa hovyo, ukajiona unaweza kila kitu? Kama ndiyo, ugonjwa wako unaweza kuwa wa hisia zinazopanda na kushuka, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kukurusha juu. Kama kwenye ukoo wako kuna aliyewahi kuwa hivyo, mtaje.

Utajua hatua imefaulu ukitoka na vitu vitatu vilivyoandikwa kwenye daftari: jina la tatizo, mpango wa tiba, tarehe ya kurudi.

## Hatua ya 5: Salimisha nyumba

Fanya hii hata kama leo hakuna anayefikiria kufa. Wazo la kujiua mara nyingi huja kwa kasi na kupungua, na mtu anayekuta kila kitu kimefungwa hupata muda wa kuvuka.

Tabora ni mkoa wa tumbaku. Dawa za shambani hukaa stoo, pengine chini ya kitanda, pengine kwenye chupa ya soda. Zitoke nyumbani ziende kwa jirani au zifungwe kwa kufuli ambayo ufunguo wake anao mtu mwingine. Sumu ya panya vivyo hivyo. Gobore la babu liende kwa mjomba. Kama mume au ndugu analeta silaha ya kazi nyumbani, imalizie safari yake kwenye ghala la silaha la mwajiri. Kwa askari wa zamani hili si dogo, maana hahitaji kufundishwa namna ya kuitumia.

Dawa za hospitali nazo. Amitriptilini, inayopatikana kwa urahisi kwenye vituo vyetu, ikimezwa nyingi kwa pamoja huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Mtu wako ashike pakiti na akupe za wiki moja tu.

Kisha andikeni ukurasa mmoja: dalili zinazoonyesha hali inaanza kuharibika, mambo mawili yanayokutuliza, watu wawili wa kupigiwa usiku, na hospitali ya kwenda. Ikifika pabaya, ndugu, mgonjwa asibaki peke yake hata chooni. Mkipiga 115 anzeni kwa kutaja mimba ina miezi mingapi na mko kijiji gani, ndipo mwelezee hali. Usafiri ukichelewa, bodaboda ya watu watatu haifai kwa mjamzito aliyechanganyikiwa. Tafuteni gari la jirani.

Na msimfunge kamba. Nalitaja hili kwa sababu wagonjwa bado wanafungwa.

## Hatua ya 6: Tiba ya mazungumzo, na siku zenyewe

Kwa sonona nyepesi na ya kati wakati wa mimba, mazungumzo ya kitaalamu ndiyo huanza, kabla ya dawa. Si mahubiri wala ushauri wa "usiwaze sana". Ni vikao vilivyopangwa, mara nyingi vya kila wiki, ambavyo mnatazama wazo, mnatazama linakupeleka kufanya nini, na mnapanga jambo dogo la kujaribu hadi kikao kijacho. Uliza mnasihi, muuguzi wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Nyumbani, tengeneza ratiba. Jambo hili askari wa zamani analiweza kuliko raia, ila nalo lina mtego: atajiandikia kukimbia kilomita kumi na kufyeka shamba, ashindwe siku ya pili, kisha ajione hafai kabisa. Anza na vitu vya aibu kwa udogo wake. Kuoga kabla ya saa tatu asubuhi. Kutembea robo saa kabla jua la Tabora halijakolea. Kumenya karanga ukiwa umekaa na mtu, hata bila kuongea. Viandike, viwekee alama ya vema.

Kumbukumbu ya zamani ikikuvamia mchana, rudisha mwili ulipo: taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia. Weka miguu chini. Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta.

Sheikh, padri au mchungaji ana nafasi yake hapa, na kwa wengine dua ndiyo iliyowashikilia. Mpaka ni mmoja: yeyote atakayekwambia uache dawa ili imani yako ionekane, mshukuru, ondoka, endelea na dawa.

Pombe. Wengi walioona mabaya hulalia pombe. Kwenye mimba hakuna kiasi kilichothibitika kuwa salama, iwe bia, kangara au gongo. Lakini kama unakunywa nyingi kila siku na mikono hutetemeka ukikosa, usikate ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Kukata huko kunaweza kuleta degedege. Mwambie daktari akusimamie.

## Hatua ya 7: Dawa

Kanuni ya kwanza: ukigundua una mimba, usiache dawa ya sonona kwa uamuzi wako. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na hofu, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi kwa nguvu. Sonona isiyotibiwa nayo si salama kwa mtoto: huongeza hatari ya kuzaliwa kabla ya wakati na uzito mdogo, mbali na mama kuacha kula na kuacha kliniki. Kwa hiyo mizani ya daktari ina pande mbili, dawa upande mmoja na ugonjwa upande wa pili. Anayekwambia "dawa zote ni mbaya kwa mimba" ametazama upande mmoja.

Yaliyo muhimu kuyajua ukiwa mbele ya daktari:

Setralini huchaguliwa sana kwenye mimba na kunyonyesha, kwani huingia kidogo kwenye maziwa. Mara nyingi utaipata maduka binafsi. Fluoksetini na amitriptilini ndizo hupatikana zaidi kwenye vituo vya umma. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo uliza mapema mpango utakuwaje ukianza kunyonyesha. Hata hivyo, kama ndiyo iliyokuponya mwanzo, daktari anaweza kuona heri uendelee nayo kuliko kubahatisha mpya. Paroksetini kwa kawaida haichaguliwi kwa anayeanza dawa akiwa mjamzito.

Valproeti ni habari nyingine. Hutolewa kwa kifafa na kwa hisia zinazopanda na kushuka, na inajulikana kuharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto tumboni. Kama unaitumia na umepata mimba, muone daktari wiki hii hii abadilishe. Usiikate mwenyewe, hasa kama ni ya kifafa. Lithiamu, dawa nyingine ya hisia zinazopanda na kushuka, nayo ni ya usimamizi wa bingwa. Diazepamu ya kununua dukani ili upate usingizi, acha wazo hilo.

Dawa za kienyeji zitaje zote, bila haya. Kuna zinazoamsha uchungu kwa nguvu isiyopimika, na kuna zinazogongana na za hospitali.

Sasa subira. Siku za mwanzo unaweza kuona kichefuchefu, tumbo kusokota au mashaka kuongezeka, na faida bado haijaonekana. Nafuu huanza kati ya wiki ya pili na ya nne, na huchukua hadi wiki sita kukamilika. Wengi huacha siku ya kumi kwa kusema "haijanisaidia". Wakati huo huo, wiki hizo za mwanzo ndizo za kuulizwa zaidi lile swali la Jumapili. Liwe la kila siku. Ukiona hasira kali, kutotulia au mawazo mapya ya kujidhuru, rudi hospitali kabla ya tarehe.

Utajua hatua imefaulu baada ya wiki sita alama za dodoso zikiwa zimeshuka hadi nusu ya ulizoanza nazo. Zisiposhuka, si kwamba hakuna dawa itakayokufaa. Dozi au aina haijapatikana. Rudi.

## Hatua ya 8: Mpango wa leba kwa mwili unaokumbuka

Kitanda cha leba kinaweza kumrudisha mtu vitani, au chumbani kwa yule aliyemdhalilisha. Kulala chali, mlango usiouona, chuma kinachogonga chuma, amri kwa sauti kubwa, mkono unaogusa bila kuuliza. Nimeona mama mtulivu kabisa akimpiga teke mkunga kwenye kipimo cha njia, kisha akalia kwa aibu kuliko uchungu.

Liandike kabla, kwenye kadi, kuanzia wiki ya 32 hivi: "Aelezwe kabla ya kuguswa. Akinyoosha mkono, tusimame kwanza. Alale kwa ubavu. Anatumia dawa ya sonona, jina na dozi hii." Kwa ubavu ni vizuri hata kwa mtoto, kwani mimba kubwa ukilala chali hukandamiza mshipa wa damu. Uliza mapema kama kituo kinaruhusu msindikizaji ndani, na kama unaweza kuhudumiwa na mkunga wa kike.

Siku ya uchungu beba dawa zako na uzinywe kwa saa zake. Mtoto wa mama aliyetumia dawa hizi hadi mwisho anaweza kutetemeka kidogo, kulialia au kupumua kwa haraka siku za mwanzo; mara nyingi hupita yenyewe, ila wakunga wanatakiwa kujua ili wamtazame. Usikimbilie kuondoka wodini kabla ya saa 24.

## Hatua ya 9: Baada ya kujifungua

Machozi ya siku ya tatu hadi ya kumi ni ya kawaida, na hupita ndani ya wiki mbili. Yakivuka hapo, rudi kwenye Hatua ya 4.

Dharura ni nyingine: mama halali kabisa na wala hachoki, anasikia sauti, anasema mtoto amebadilishwa au si wake, anaongea yasiyoungana. Huanza mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Mtaani watasema majini, watasema kalogwa. Bila kujali mnaamini nini, hospitali iwe siku hiyo hiyo, na mtoto asiachwe naye peke yake hata dakika moja. Hali hii hutibika, na wengi hupona kabisa.

Usingizi ndiyo dawa inayosahaulika. Mtu wako apange zamu ya usiku na ndugu, mama apate angalau saa nne mfululizo, mtoto aletewe kwa kunyonya tu. Neno zamu atalielewa bila maelezo.

Kwa ufuatiliaji tumia tarehe ambazo mtoto tayari anazo. Siku ya 42 mama anaporudi kuangaliwa, na kila siku ya chanjo, wiki ya 6, ya 10, ya 14, na mwezi wa 9 kwenye surua, jaza dodoso la maswali tisa upya na uandike alama. Safari ni ile ile na nauli ni ile ile.

Ukipata nafuu, dawa huendelea angalau miezi 6 hadi 12 toka siku uliyokuwa mzima, ndipo daktari aanze kuipunguza polepole. Msianze kupunguza mwezi ambao mume anasafiri, mnahama nyumba, au mtoto anaota meno na nyumba nzima hailali. Daftari likae na kadi: kwenye mimba ijayo liingie nawe hudhurio la kwanza, kabla ya wiki ya 12, limefunguliwa kwenye ukurasa wenye jina la dawa iliyokufaa na dozi yake.